Reale ya Bi Shamila

Mwanajuma hakubandua macho kwenye mikono ya sonara.

Mzee Ammar aliigeuza sarafu kwenye mwanga wa mlangoni. Upande mmoja mwanamke mnene mwenye ushungi, upande wa pili ndege wa vichwa viwili. Ukingoni palikuwa na tundu la kupitishia uzi.

"Hii ni reale," alisema. "Fedha ya Ulaya. Wenye misafara walizitumia kutoka pwani mpaka hapa Tabora. Umeipata wapi?"

"Kaniachia marehemu bibi."

Mzee akaidondosha juu ya jiwe lake la kazi. Ikalia ko, ikanyamaza. Uso wake ukabadilika.

"Bibi yako akiitwa nani?"

Mwanajuma akasita. Sarafu na jina la marehemu vina uhusiano gani?

"Bi Shamila. Wa Chemchem."

"Na hili tundu, lilitobolewa na nani?"

"Mzee wangu, nimekuja kuuliza sarafu, sikuja kuhojiwa."

Kaka yake, Uwesu, alikuwa amemwonya kwa simu kutoka Urambo: "Masonara hao! Wasiingie nayo ndani, utarudishiwa bati." Ndiyo maana asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, Mwanajuma aliikwaruza alama ndogo chini ya bawa la ndege. Sindano ilizama kama kwenye sabuni.

Hakutaka kuiuza. Babu yake Bi Shamila alibeba pembe za ndovu begani mpaka baharini, akarudi na hiyo moja tu. Bi Shamila aliivaa tangu harusi yake, na siku ya mwisho akaivua shingoni mwenyewe, akampa mjukuu wake mkononi. Mwanajuma alitaka tu kujua ni kitu gani, apate la kuwaambia wanawe.

"Nisubiri," mzee akasema, akainuka, akapotelea nayo nyuma ya pazia.

"Mzee! Tuimalizie hapahapa!"

Alisikia funguo, kisha kifuniko cha sanduku kikifunguliwa.

Mzee Ammar akarudi akitokwa jasho. Akamwekea sarafu kiganjani, akamfumba vidole kwa nguvu.

"Ni fedha halisi. Usimpe mtu. Nenda salama, binti yangu."

Haraka ya nini? Mwanajuma alifumbua mkono. Mwanamke yuleyule, ndege yuleyule, tundu palepale. Akaigeuza kwenye mwanga, akatafuta chini ya bawa. Palikuwa laini, hapana hata mkwaruzo.

"Mwizi!" alipiga kelele, mpaka wapita njia wakasimama. "Nimeitia alama kwa mkono wangu! Nirudishie sarafu ya bibi yangu!"

Mzee Ammar aliwatazama watu mlangoni, kisha akainamisha kichwa. Taratibu akafungua mkono wake wa kushoto. Sarafu yenye mkwaruzo ilikuwa humo.

"Uliyoshika wewe ndiyo aliyoileta bibi yako hapa alipokuwa mwari, itobolewe," alisema kwa sauti ya chini. "Hii aliyokaa nayo shingoni umri wake wote ni madini ya risasi yaliyopakwa fedha. Aliitengeneza marehemu baba yangu."