Upole wa Nyegere

Alikuwako Nyegere mmoja mwenye hasira za karibu, na nyumbani ana watoto wenye njaa. Aliposikia ofisi ya Tembo inatafuta mpokezi mpole, aliuandika upya wasifu wake. Penye "mpambanaji" akaweka "mvumilivu", penye "simwogopi mtu" akaweka "napenda wageni."

Tembo aliusoma akafurahi. "Bwana Nyegere, wenzako wameniandikia mambo ya mbio na nguvu tu. Kazi ni yako."

Asubuhi ya kwanza akaja Kasuku. "Kibali changu tayari, baba?"

"Bado, mama."

"Tayari?"

"Bado, mama."

"Hata sasa hakijawa tayari?"

Manyoya yalimsimama Nyegere, akanyanyua kucha. Mara akamwona Tembo mlangoni, anamtazama kwa matumaini. Kucha zikashuka, zikampangusia Kasuku kiti. "Karibu ukae, mama."

Jioni alifoka nyumbani. "Yule ndege ataniua!"

"Si uliandika mwenyewe?" mkewe akamuuliza, huku akiwapakulia watoto.

Siku hizi Nyegere akitoka kazini hupitia kwenye kichuguu, akakitukana mpaka koo likamkauka, ndipo aende nyumbani. Tembo naye amependezwa mno. Ameagiza ukoo mzima wa Kasuku uhudumiwe na Nyegere.