Fidla ya Pili

Fidla ilikuwa moja, na mikono iliyoivuta ilikuwa minne. Amur, aliyeingia sasa hivi kutoka kazini, alisimama katikati na kilemba chake kichwani, hajui aanzie wapi.

"Na mimi nna haki yangu katika nyumba hii," alisema Muhsina, mke mdogo.

Shaikha, mke mkubwa, alimwacha amalize, kisha akavuta pumzi.

"Na mimi nna haki yangu katika nyumba hii," akajibu, kwa sauti ya juu zaidi.

Wakaendelea hivyo, huyu akisema, yule akingoja zamu yake, mpaka Muhsina akaangua kilio. Shaikha akatangaza kuwa mambo yakizidi atakwenda zake Nizwa kwa kaka yake.

Maskini Amur! Aliwapenda wote wawili, kweli kabisa, na alichokiogopa duniani ni kuja kuulizwa na Mola wake kwa nini hakufanya uadilifu. Kanga alinunua pea mbili, bangili pea mbili, hata halua alipima kwa mizani. Lakini fidla Shaikha alikuja nayo Maskati kutoka Unguja, na Muhsina naye alikuwa amefundishwa huko huko, na mwalimu yule yule wa Kigoa. Kitabu walichoachiwa na mwalimu kilikuwa cha muziki wa Kitaliani wa zamani sana, karne tatu nyuma, karibu wote wa fidla mbili. Humo, Shaikha alimweleza siku moja, kati ya fidla hizo mbili hakuna mkubwa wala mdogo. Zote sawa.

Sawa! Neno hilo lilimkosesha Amur raha wiki nzima.

Ijumaa akaichukua redio yake, ile ambayo wanaume wa mtaa mzima walikuja kusikilizia habari barazani kwake, akaipeleka Matrah kwa Ishaq, fundi wa redio. Ukutani kwa Ishaq ilitundikwa fidla isiyo na mwenyewe. Ishaq alimuuliza kama ana akili timamu. Amur akasema anataka amani nyumbani kwake, basi, na redio aichukue.

Muhsina aliipokea fidla kwa mikono miwili, akambusu mumewe mkono. Shaikha naye akambusu. Habari ya Nizwa haikutajwa tena. Amur akaenda kusali alasiri, moyo mweupe.

Aliporudi alikuta madirisha yamefungwa yote, maana katika Maskati ya mwaka ule wa sitini na nane Sultani hakutaka muziki usikike njiani. Alivua viatu, akakaa kwenye ngazi. Ndani fidla moja ilitoa maneno yake, ya pili ikaiacha imalize, ikayachukua maneno yale yale na kuyapandisha juu. Zikafukuzana, zikapishana, mwisho zikakutana. Wala hazikujikwaa hata mara moja. Machozi ya furaha yalimlenga Amur. Alihisi amewahi kuusikia muziki ule mahali, lakini hakukumbuka wapi.

Fidla zikanyamaza. Kikafuata kicheko cha chini chini, cha watu wawili.

"Ukurasa unaofuata unataka na fidla kubwa, ile ya sauti nzito," alisema Shaikha.

"Haya, tuanze kesho," akajibu Muhsina. "Lakini safari hii ulie wewe. Kwa fidla hii nililia mimi."