Ubani wa Mthamini

Saa nne asubuhi mthamini wa benki alirudi mara ya tatu kuikagua nyumba mpya ya Kombo. Bila ukaguzi, mkopo wa nyumba usingepitishwa, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Mama mkwe wa Kombo alikuwa amekaa kizingitini kama mara zote: mgeni haingii kabla ya dua, na shehe bado yuko safarini.

“Mama, benki haisubiri,” Kombo alisihi.

“Benki ilibeba tofali gani hapa?”

Mthamini akatoa ubani mkobani. “Soma wewe, bibi. Mimi nitaitikia amina.”

Bibi alimtazama, kisha akaagiza kaa la moto.

Moshi ulitangulia kuingia. Mthamini akaufuata, viatu mkononi.