Kadi Iliyogoma Kusomeka

Jino lilirushwa likagonga kioo cha duka, na fundi wa kamera akainua macho.

Nje, mwanamume alikuwa amelala kifudifudi barabarani, watu wakimkanyaga kama wanaoponda udongo wa kujengea. Aliyeongoza ni muuza nyama wa duka la pili, jibaba lenye mpini wa shoka mkononi. Kando yao alisimama mwanamke mwenye blauzi ya mikono mirefu, anahema kama mtu aliyetolewa majini. Walikuwa wamevuka daraja wakikimbia, mwanamume mbele na kamera, mwanamke nyuma akipiga kelele za mwizi. Neno hilo halihitaji kurudiwa. Mtaa mzima ulitoka.

Yule mtu alipofungua mdomo ajieleze, muuza nyama aliufunga kwa mpini. Taya likaenda upande. Tangu hapo kilichomtoka kilikuwa damu na mkoromo.

Fundi hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini aliwahi kushuhudia kijana akiuawa hivyo hivyo kwa sababu ya simu, na kesho yake ikajulikana simu ilikuwa yake. Alitoka, akajipenyeza, akala kiwiko cha mbavu, akafika katikati.

"Kamera ni ya nani?"

Muuza nyama akasema ni ya huyu dada, kwani hakuona? Mtu aliyelala akajigeuza ubavu, akatikisa kichwa, akajipiga kifuani kwa kiganja: yangu, yangu.

Fundi akamgeukia mwanamke, akamuuliza ndani mna nini.

"Mna picha zangu," alijibu. "Nimejipiga mwenyewe."

Basi kesi ni nyepesi, fundi akasema. Aifungue aone ni sura ya nani. Picha haina mjomba wa kuipendelea. Muuza nyama alikubali shingo upande, ila akaonya kwamba yeye hana desturi ya kuacha ng'ombe nusu kachinjwa.

Kusikia hivyo, yule mtu alimkamata fundi mguu kwa nguvu zake zote zilizobaki. Kiatu kimoja kikashuka juu ya mkono ule, na vidole vikalia kama kuni kavu. Fundi aliondoka na kamera, moyo unamuuma. Alijua anaombwa asimwache peke yake na watu wale.

Dukani aliiwasha kamera. Kioo chake kilikuwa na ufa, lakini maandishi yalionekana: kadi haisomeki.

Akaichomoa. Ilikuwa imepinda kidogo, na pembeni ina alama za meno, kana kwamba kuna aliyejaribu kuitafuna. Hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Alisukuma kile kiswichi kidogo cha kuifunga na kuifungua, akairudisha. Haisomeki. Akasugua sehemu zake za shaba kwa kifutio cha penseli, akapuliza vumbi, akaiweka kwenye kifaa cha kusomea kadi. Kompyuta ikauliza kama anataka kuifomati. Akaondoa mkono haraka kama aliyegusa kaa la moto. Kuifomati sasa ni kuzika mtu akiwa hai.

Nje walikuwa wameanza tena. Kila pigo la mpini lilimfikia kwanza kama sauti, halafu kama tetemeko la meza. Harufu ya petroli ikaingia kupitia mlangoni.

Mwanamke alikuwa ameingia nyuma yake. Alipewa kiti, akakataa. Fundi akamwambia, bila kumtazama, kwamba kama kuna kosa aliseme sasa, maana mtu akishawashwa moto hazimwi kwa pole.

"Fungua tu, fundi."

Alibadilisha waya. Akabana kadi kwa kidole gumba pale ilipopinda, akaiendesha programu ya kufufua mafaili, akashikilia hivyo hivyo huku kidole kikifa ganzi. Kompyuta ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Nje mtu mmoja aliuliza kiberiti kiko wapi.

Ndipo picha ya kwanza ikajitokeza.

Alikuwa yeye, yule mtu wa nje, uso mzima, meno yote mdomoni. Amekaa kwenye kochi, mkono begani kwa mwanamke huyu huyu mwenye gauni jeupe na shada la maua mapajani. Ya pili: yeye tena, jikoni, fulana ya ndani, kikombe mkononi.

Fundi aliibana kadi kwa kibanio, akatoka mbio, akaangusha kiti.

"Acheni! Kamera ni yake. Huyu ni mume wake!"

Mpini ulibaki hewani. Aliyeshika kidumu cha petroli alikiweka chini taratibu, kama kisicho chake. Watu wawili wakamwinua yule mtu na kumwegemeza ukutani. Mwingine akamfuta damu kwa shati lake mwenyewe, akimwita kaka, akimwomba radhi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka mlangoni alikosimama mwanamke. Muuza nyama alimsogelea, mpini bado mkononi, uso umemvimba kwa aibu. Akamuuliza ni shetani gani aliyemtuma kumuitia mumewe kifo.

Mwanamke hakurudi nyuma. Alinyoosha mkono, akaigeuza kompyuta iliyokuwa mezani kando ya mlango iwaelekee. Picha zilikuwa bado zinatoka, moja baada ya moja, zote amejipiga mbele ya kioo cha bafu: mgongo wenye michirizi ya mkanda, jicho lililozibwa na uvimbe, shingo yenye alama za vidole, tumbo la mimba lenye alama ya soli, tumbo lile lile, bila mimba.

"Kwetu ng'ambo ya daraja," alisema, "nimepiga kelele 'ananiua' mpaka koo likakauka, na watu wakafunga madirisha. Alipoziona hizi, aliitafuna kadi ikamshinda, akakimbia na kamera. Leo nikasema 'mwizi.'"