Taa ya Injini Kilima cha Kitangari

Usijifanye hukuliona gari. Ulikuwa kwenye basi la Tandahimba, dirishani, na ile pikapu ya Kijapani ilikuwa inatetemeka kilimani Kitangari kama mgonjwa wa homa. Ukageuza uso. Ndivyo ulivyougeuza hata ile siku pampu ya umma ilipokufa, tukaambiwa tusubiri, soko huria litaleta maji.

Likamleta Fakihi. Mwaka wa tisini na tisa, tangi la lita elfu moja mgongoni mwa pikapu hiyo, maji ya bondeni kupelekwa kuuzwa Newala mjini.

Ijumaa hiyo, ya nne mfululizo, gari lilizima palepale kilimani. Safari hii Fakihi alikuwa amepanda na fundi wake kabisa: Lois wa Mkomaindo, mtaa wa Masasi, mwanamke mwenye ovaroli na maneno machache, ambaye kila Alhamisi hutoka Masasi kuja kulihudumia gari hilo.

"Ugonjwa usipopatikana leo," Fakihi alifoka, "Ijumaa ijayo tunapita njia nyingine. Na wewe Silvesta, usukani utauona kwa wenzako."

Silvesta dereva, mwenye watoto watano, akaukamata usukani kwa mikono miwili.

Wanawake wa kijijini wakaja mbio na ndoo, wanahema na kucheka.

"Tajiri, gari lako lina degedege!" alisema mmoja wao, Bibiana, mtu mzima mwenye kanga kiunoni. "Sisi kusukuma tutasukuma. Ila tani nzima ya maji? Migongo yetu si ya chuma."

"Haya, fungueni bomba! Mwageni!" Fakihi akaamuru.

Hawakumwaga hata tone. "Bibiana, sogeza ndoo! Bibiana, kinga hapa!" Silvesta akashangaa. Mama wa makamo yale, kuitwa jina lake kavukavu, tena na wasichana?

Lois hakuwatazama. Alifungua boneti, akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kijisanduku cha plastiki cha kupimia injini. Kwenye dashibodi taa ya injini ikaanza kumeta. Mara mbili. Ikapumzika. Mara tano.

"Mbili, tano," alisema.

"Kiswahili chake?"

"Injini inavuta hewa nyingi, petroli kidogo. Mlima na tani moja mgongoni haiviwezi."

"Kwa hiyo dereva..."

"Dereva hana kosa. Taa haina upendeleo, tajiri."

Silvesta akashusha pumzi ndefu mpaka wanawake wakamcheka.

"Nikipita njia nyingine je?"

"Zote zina mlima. Hapa angalau kuna wa kukusukuma."

Fakihi akaguna. "Basi ibaki hiihii." Akageuka, akasimama kuyatazama maji yake yakiisha. Lois akapenyeza mkono chini ya boneti, akausukuma mpira mmoja wa hewa mahali pake, akashusha boneti.

"Sukumeni!"

Wakasukuma kwa vigelegele. Injini ikashika, ikaunguruma laini kama cherehani, ikapanda kilima na tangi tupu. Lois akabaki kando ya barabara kungoja basi la Masasi, anajifuta mikono kwa kitambaa.

Pikapu ilipopotelea ng'ambo ya kilima, msichana mmoja alitua ndoo yake mbele ya Bibiana, akajinyoosha mgongo.

"Haya, ameondoka, turudishe adabu zetu. Shikamoo, Mama Lois! Mwambie mwanao, Alhamisi akiulegeza ule mpira, asizidishe. Leo gari limezima chini zaidi kilimani, tumekimbia na ndoo mpaka tumechoka."

Na wewe wa dirishani: Ijumaa, saa nne asubuhi. Shuka kwenye hilo basi, njoo na ndoo, na mdomo uuache nyumbani.