Kiganja Chini ya Dirisha

"Polepole, mwanangu," Bi Funguo alisema. "Hapo ni kwenye kidole gumba."

Mtaalamu wa mambo ya kale alizuia kisu chake. Alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha la kanisa, akikwangua lipu pembeni ya alama ya kiganja cha mtoto. Kiganja kilikuwa kidogo, chini kidogo ya kiuno cha mtu mzima, na gumba lilizama kuliko vidole vingine, kana kwamba mwenyewe alitaka kuusukuma ukuta uhame.

Kijiji kizima kilikuwa kikimsubiri kijana huyo aseme neno. Barabara mpya ilichorwa ipite juu ya altare, na tingatinga lilikwisha kuegeshwa nyuma ya mnara. Wakubwa waliahidi kuipindisha barabara iwapo tu kingepatikana kitu cha kale kweli. Shida ni kwamba kanisa lilitiwa viraka mpaka likasahau nguo ya kwanza. Nyasi ziliondoka, yakaja mabati. Mnara ulianguka ukajengwa upya, na mabenchi ya zamani yalishaliwa na mchwa. Ulibaki ukuta huu mmoja wenye kiganja.

Habari zake kila mtu alizijua. Mababu walibeba mawe kichwani kutoka mtoni, wakajenga, na siku ya kupiga lipu mtoto wa mwashi aliegemea ukuta mbichi. Ndivyo Bi Funguo alivyowasimulia wageni tangu akabidhiwe funguo za kanisa. Kila lilipopakwa chokaa, sehemu ile aliipaka mwenyewe kwa brashi ndogo, akikizunguka kiganja bila kukigusa. Watu walisema Mungu alimnyima mtoto akampa kanisa.

Asubuhi hiyo alikuwa amemkaribisha mtaalamu chai nyumbani kwake, katika sebule safi isiyo na picha hata moja ukutani. Kijana aliuliza, kwa adabu tu, kama amejaliwa watoto.

"Nimejaliwa makufuli," Bi Funguo alimjibu akicheka, "na yote ni makaidi."

Mumewe, mwashi mstaafu aliyekuwa mwepesi wa kucheka, alibaki anatazama chai yake.

Sasa mtaalamu alisimama, akajipangusa vumbi magotini. Hakuonekana mtu mwenye habari njema.

"Padre, mama, nisameheni. Hii si chokaa ya mababu. Hii ni saruji. Ina miaka arobaini hivi, haizidi sana."

"Haiwezekani," alisema Padre, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka pale kijijini. "Ukuta huu ndio historia yetu."

"Historia mnayo. Lakini hii alama kuna mtu aliwadanganya."

Kisha benchi la nyuma likalia, na Fundi, mume wa Bi Funguo, akasimama na mkongojo wake.

"Ni mimi," alisema. Mkewe alitaka kumfuata, akamzuia kwa mkono. "Kaa, mama watoto." Ndivyo alivyomwita siku zote, na watu waliuchukulia kuwa utani wa wazee.

Alieleza akiitazama sakafu. Mwaka ule walikuwa wamehamia tu, hawajuani na mtu, naye akapewa kazi ya kuukarabati ukuta uliokuwa umebanduka. Alama iliingia wakati amegeuka kuchanganya saruji. Wiki mbili baadaye padre wa enzi hizo alikuja kukagua, akaiona, akaamuru izibwe.

"Nikamwambia ni ya mababu. Kwamba nimeikuta chini ya lipu ya zamani, nikaitunza. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Jumapili akaitangaza. Basi uongo ukakua, ukanishinda."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee," Padre alisema, ingawa hii ilikwenda miaka arobaini bila hata kuchechemea. "Watu wamesali mbele ya ukuta huu. Tungejua mapema tungetafuta njia nyingine. Leo tunapoteza kanisa kwa sababu ulikuwa mvivu. Ulihitaji nini? Mwiko mmoja wa saruji, ukasawazisha, basi."

"Mwiko mmoja," Fundi alikubali. "Niliuchota kabisa, Padre. Mkono ukakataa kwenda."

Padre alitikisa kichwa akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona akiongea na dereva wa tingatinga, na dereva akatupa sigara yake chini akaikanyaga.

Mtaalamu alifunga mkoba wake taratibu. Aliwahurumia wazee hawa waliokamatwa na uongo mkubwa kiasi hicho uzeeni. Alipoinua macho, Bi Funguo alikuwa ameshapiga magoti mahali alipopiga yeye. Alikuwa akilia bila kutoa sauti, kama mtu aliyezoea.

"Mwanangu," alisema, "kabla hawajaanza kubomoa. Unaweza kunikatia kipande hiki?"

"Mama, hakina thamani yoyote."

"Nimekusikia."

"Sasa utakipeleka wapi?"

Bi Funguo alikifunika kile kiganja kidogo kwa kiganja chake, vidole juu ya vidole.

"Sebuleni," alisema. "Hatukuwahi kumpiga picha."