Kiti cha Mpiga Besi

Laurenti hakuwa na gitaa lenye jina. Hakuwa na begi la kulibebea. Alilifunga kwa kanga ya marehemu mkewe na kulitia kwapani. Hakuwa na waya mzima wa nne, ila ule aliouunga mwenyewe ulipokatika. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Na tangu Hosea alipoingia kwaya na gitaa lake jipya, hakuwa na usingizi.

Gitaa la besi la Hosea lilikuwa jekundu, linang'aa kama gari la bwana harusi, na lililala ndani ya sanduku lenye mahameli. Watoto wa shule ya Jumapili walipanga mstari wapate kuligusa. Laurenti, aliyeipigia besi kwaya ya usharika ule wa Makorora tangu baba yake Hosea hajaoa, aliwatazama akasonya.

Kila siku ya mazoezi Hosea alimwamkia shikamoo. Laurenti hakumwitikia hata mara moja.

Sasa kwaya ilikuwa imealikwa kwenye tamasha la Pasaka Arusha, na nafasi ya mpiga besi ilikuwa moja. Kila mtu alijua kwamba atakayekwenda ndiye atakayekaa na kiti kile moja kwa moja. Bila besi, Laurenti alikuwa mgane mwenye chumba kimoja Ngamiani, na redio.

Dorkasi, mwalimu wa kwaya, alitaka wanakwaya wapige kura. Laurenti akakataa. Alisema hawa wana macho, masikio hawana. Wakiona kitu chekundu wanadhani wimbo umenoga. Alisema gitaa la bei kubwa mikononi mwa asiyejua ni suti juu ya mtu asiyejua kusalimia.

"Sasa nani ana masikio, mzee?" Hosea aliuliza. "Tutajie hata mmoja."

"Mimi."

"Basi amua wewe."

Wanakwaya walicheka wakidhani ni utani. Hosea hakucheka. Alisema ataipokea hukumu ya mzee bila neno, mradi asikilize bila kuona.

Hilo halikuwa gumu. Dorkasi alikuwa na tabia ya kurekodi mazoezi kwa simu yake, na wiki ile kila mmoja alikuwa amepiga siku yake, wimbo uleule, kwa spika ileile ya kanisa. Laurenti hakuwahi kuzisikiliza rekodi hizo. Miaka yote alikaa nyuma ya spika, mgongo ukutani, na mambo ya simu aliwaachia vijana.

Jumapili baada ya ibada walikusanyika katika chumba cha mazoezi. Laurenti akatoa masharti. Rekodi ziitwe namba moja na namba mbili. Barua ya kwenda kwa Mchungaji, ambaye alikuwa ametangulia Arusha kwenye maandalizi na hakupokea mambo ya kwaya kwa simu, iandikwe palepale, ipelekwe kwa basi la siku ileile. Yeye atie sahihi kwanza, majina yajazwe mwisho, ili kesho Hosea asije akalialia kwamba ameonewa.

Dorkasi alimuuliza kama ana hakika. Alimjibu kwamba yeye alijifunza kusoma ukubwani, usiku, kwa taa ya chemli, na tangu hapo hajatia sahihi jambo asilolielewa.

Ikapigwa namba moja. Ubeti haujaisha, Laurenti alikwisha kuanza kutabasamu.

"Zima," alisema. "Hiyo ni fedha inalia. Sauti nene, tamu, mkono hamna. Wenzake wameshafika mlangoni, yeye bado anatafuta viatu. Na waimbaji wakishusha sauti, ndiyo kwanza yeye anapandisha, utadhani ukoo wake mzima umekuja kumsikiliza."

Loveness wa sauti ya kwanza aliinama akatazama sakafu. Hosea alikuna kidevu. Laurenti aliiona aibu ile, ikamkolea mdomoni kama chai ya tangawizi.

Ikapigwa namba mbili. Hii aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, mguu ukigonga taratibu. Besi ilitembea chini ya sauti za watu bila kumkanyaga yeyote. Palipohitaji kunyamazwa, ilinyamaza. Wimbo ulipokwisha alifuta macho kwa kiganja.

"Mnasikia?" alisema. "Huu ndio mkono. Hata ukimpa huyu ubao wenye misumari, atapiga."

Akaanza kutaja maneno ya barua, Dorkasi akiandika. Namba mbili aende Arusha. Namba moja asiguse besi ya usharika huu tena, hata kwenye misiba.

Dorkasi aliinua kalamu. Alisema sentensi ya pili haina lazima.

"Kweli, mzee," Hosea alisema polepole. "Hiyo ya pili tuiache."

"Sasa unaomba huruma?"

"Naomba tuiache tu."

"Jekundu lako halikukufundisha kuomba mapema," Laurenti alisema. "Andika, mwalimu."

Dorkasi akaandika. Laurenti akaisoma barua yote tangu juu hadi chini, midomo ikicheza, kisha akatia sahihi kwa herufi zilizosimama wima. Mwalimu akamuuliza kwa mara ya mwisho kama kuna la kubadilisha. Alisema hakuna, ajaze majina, basi halimngoji mtu.

Mbele ya namba mbili Dorkasi akaandika Hosea. Mbele ya namba moja akaandika Laurenti. Akalamba bahasha, akaifunga, na Leticia wa sauti ya pili akaondoka nayo mbio kwenda stendi.